Wimbo wa kwaya mdomoni mwa askari

Tangu Goma ilipoangukia mikononi mwa M23 mwishoni mwa Januari 2025, na Bukavu wiki tatu hivi baadaye, simu zetu zimejaa video za watu wenye silaha wanaoimba. Wengine wamesimama kwa mistari kambini. Wengine wako juu ya lori. Wengine ni Wazalendo wanaoteremka mlima wakicheza. Wanaimba kwa Kiswahili, kwa Kinyarwanda, na kwa Kilingala, ambacho ni lugha ya jeshi la nchi yetu tangu siku za Force Publique. Na mara nyingi sauti ya wimbo tunaifahamu, kwa sababu ilitoka kanisani. Maneno ndiyo yamebadilishwa, na mara nyingine hata maneno hayakubadilishwa.

Mama mmoja, mshirika wetu, alituletea simu yake baada ya ibada. «Pasta, mwangalie huyu.» Kijana aliyekuwa akianzisha wimbo mbele ya wenzake wenye bunduki alikuwa mtoto wake, aliyeondoka nyumbani bila kuaga. Sisi pia tulimtambua. Alikuwa mwanzishaji katika kwaya yetu ya vijana, na ile namna ya kuinua mkono wa kushoto kabla ya kiitikio alijifunza kwetu. Mama alikuwa na furaha kwanza, maana mtoto yu hai. Kisha akatuuliza: «Wanaimba wimbo wa Yesu. Basi Mungu yuko pamoja nao?»

Hatutasema hapa kijana yuko upande gani. Makanisa yetu yana washirika pande zote mbili za mstari wa mapigano, na swali la mama huyu linaulizwa pande zote mbili. Pale pale hatukuweza kulijibu vizuri.

Tuanze na jambo rahisi. Kwa askari wimbo ni chombo cha kazi, kama viatu. Anayetembea kilomita nyingi na mzigo mgongoni anahitaji kitu cha kupanga pumzi na miguu. Askari wa Force Publique waliotoka Kivu na kuingia Tabora Septemba 1916 walikwenda kwa miguu, na wapagazi wao wakiwafuata nyuma. Upande wa Waingereza, askari wa King's African Rifles walikuwa na wimbo wao wa kufunga safari, ambao wazee wa Kenya na Tanzania wanaukumbuka hadi leo. Usiku wimbo unafukuza usingizi na woga. Hakuna dhambi katika hilo.

Lakini kuimba pamoja kunafanya kazi nyingine pia. Mtu akiimba na mia moja, sauti yake mwenyewe haisikii tena. Kijana ambaye peke yake angekataa kuchoma nyumba ya jirani, akiwa katikati ya wimbo anajikuta ameshika kiberiti. Sisi wachungaji tunaijua nguvu hiyo, maana tunaitumia kila Jumapili kabla ya mahubiri, na tuseme kweli, kabla ya sadaka.

Vijana wetu wengi walionja vita kwanza katika chumba cha video, kwa faranga chache, wamekaa juu ya benchi. Katika sinema askari hafi bila muziki. Waliokimbia kwenye barabara ya Sake wanajua kwamba pale hapakuwa na muziki wowote, ni milio ya mabomu na watoto wanaoita mama zao. Lakini sinema inabaki kichwani kuliko barabara, na leo wapiganaji wenyewe wanajipiga picha kama watu walio ndani ya sinema.

Tuchukue mfano mmoja wa Afrika. Filamu iitwayo Zulu ya mwaka 1964 inaonyesha mapigano ya Rorke's Drift huko Afrika Kusini, tarehe 22 na 23 Januari 1879. Mahali pale palikuwa kituo cha misheni ya Waswidi, na kanisa lao lilikuwa limefanywa ghala la jeshi. Waingereza karibu 150 walijikinga dhidi ya maelfu ya Wazulu. Katika filamu Wazulu wanaimba wimbo wa vita, Waingereza wanawajibu kwa wimbo wa kwao, na mwishoni Wazulu wanaimba tena kuwasalimu wapinzani wao kwa heshima, kisha wanaondoka. Ukitazama unatokwa na machozi. Lakini mashindano hayo ya kuimba, na ile salamu ya mwisho, yalitungwa na watengenezaji wa filamu. Kilichotokea baada ya mapigano ni kwamba Wazulu waliojeruhiwa na kubaki uwanjani waliuawa. Filamu haionyeshi hayo. Mahali pa mauaji imeweka wimbo.

Tunaomba msomaji akumbuke hilo kila mara anapotumiwa video ya kikosi kinachoimba vizuri. Video ile ina dakika mbili. Kabla yake kulikuwa na nini, na baada yake?

Iko filamu nyingine, na hii tungependa vijana wetu waione. Inaitwa Joyeux Noël, ya mwaka 2005, nayo imejengwa juu ya jambo lililotokea kweli. Krismasi ya 1914, katika sehemu kadhaa za uwanja wa vita huko Ubelgiji na Ufaransa, askari Wajerumani walianza kuimba nyimbo za Noeli ndani ya mahandaki yao. Waingereza waliokuwa mbele yao wakasikia, wakajibu. Watu wakatoka, wakapeana tumbaku, wakazika maiti zilizokuwa zimelala kati yao. Wakuu wa majeshi walikasirika, na mwaka uliofuata wakatoa amri kali jambo hilo lisirudiwe. Katika filamu, askofu anakuja kuwahubiria askari wapya na kuwaambia kwamba kuwaua Wajerumani ni kazi ya Mungu. Sisi tulioketi darasa la teolojia tukajifunza kupanga mahubiri, sehemu hiyo ilituchoma kuliko maiti zote. Askari walikuwa wameimba injili, na mtu wa injili akaja kuwanyamazisha.

Sasa kwa nini wimbo mmoja ulivuka mstari kule, na kwetu hauvuki? Tumefikiri sana juu ya hili. Kule mahandaki yalikuwa karibu, hata mtu aliweza kusikia adui akikohoa. Aliposikia wimbo anaoujua tangu utoto ukitoka upande wa pili, hakuweza kuendelea kuamini kwamba kule kuna wanyama tu. Kwetu kuna mlima katikati, na simu ndiyo inayochagua utakachosikia. Kila kundi la WhatsApp linapokea video za upande wake. Tunasikia wimbo wetu kutoka kwa watu wetu, tunasema Amina, tunautuma mbele. Kule ng'ambo wanafanya vile vile kwa wimbo ule ule. Kwa hiyo wimbo wa kanisa mdomoni mwa askari unatuonyesha jambo moja tu la hakika: kwamba huyo kijana alilelewa karibu na kanisa. Hilo ni jibu la nusu kwa mama yetu, na ni jibu la kutuhuzunisha sisi zaidi kuliko yeye.

Wengine watatuletea 2 Mambo ya Nyakati 20, ambapo mfalme Yehoshafati aliweka waimbaji mbele ya jeshi. Sura hiyo inahubiriwa sana siku hizi. Tuisome hadi mwisho. Waimbaji wale waliimba juu ya fadhili za Mungu, hawakuwataja Wamoabu wala Waamoni. Na siku ile hakuna mtu wa Yuda aliyechomoa upanga. Adui walimalizana wenyewe kwa wenyewe. Anayetumia sura hii kubariki shambulio la kesho ameisoma nusu.

Kuna nyimbo mbili za vita katika maisha ya Daudi ambazo tungependa kwaya zetu zizilinganishe. Wa kwanza uko katika 1 Samweli 18. Wanawake wanatoka na matari na kuhesabu waliouawa, maelfu kwa huyu, makumi ya maelfu kwa yule. Ulikuwa wimbo wa furaha tu, lakini tangu siku ile Sauli alimwangalia Daudi kwa jicho baya, na nyumba ya Israeli ikaanza kupasuka. Wa pili uko katika 2 Samweli 1. Sauli aliyemwinda Daudi miaka mingi amekufa, na Daudi anamtungia ombolezo pamoja na Yonathani. Anataka habari ile isifike katika miji ya Wafilisti, isije ikafanywa shangwe. Leo tungesema: msitume video hii. Tena anaamuru watu wa Yuda wafundishwe ombolezo hilo. Tumetafuta katika vitabu vya nyimbo vya makanisa yetu ya mashariki ombolezo kwa ajili ya waliokufa pande zote mbili. Za ushindi tumezikuta nyingi mno.

Jirani zetu walilipa bei ya jambo hili. Mwimbaji Simon Bikindi wa Rwanda alihukumiwa miaka 15 na Mahakama ya Kimataifa ya Arusha mwezi Desemba 2008. Alihukumiwa kwa maneno aliyoyatangaza kwa kipaza sauti barabarani mwaka 1994. Nyimbo zake zilitumiwa katika propaganda, redio ikizirudia, lakini si zenyewe zilizomtia hatiani. Sheria ina shida kumkamata mtu kwa wimbo. Kanisa halina haja ya kungoja mahakama.

Hivi karibuni watu wenye silaha walituomba kwaya yetu iende kuimba katika gwaride lao. Baraza la wazee lilikaa hadi usiku. Mzee mmoja alisema, na hakukosea, kwamba kukataa kunaweza kutuletea taabu mlangoni. Mwongozaji wa kwaya alisema wimbo ni wimbo, tukaimbe turudi. Mwishoni tuliwajibu hivi: kwaya itakuja kuimba katika mazishi ya mtu yeyote, wa upande wowote, bila bendera na bila kamera. Katika gwaride haitakuja. Hawajarudi na neno, na mwongozaji wetu bado hajakubaliana na uamuzi ule.

Wimbo aliokuwa akianzisha yule kijana bado tunauimba. Mama yake anakaa benchi la tatu. Ukianzishwa, anatoka nje na kusimama karibu na tangi la maji hadi uishe.