Kona ya Mwalimu: Gari iliyopotea, ikajengwa tena kutoka kwenye picha

Mwezi huu nimeletewa swali na baba mmoja wa mtaa wetu. Aliuliza hivi: "Mwalimu, hawa watoto wanashinda na magari ya waya. Wanaiga Land Cruiser za mashirika mpaka antena ya redio. Kuiga nako ni kazi ya akili, ama ni kupoteza muda?" Nilimwambia, mzee, nitakujibu gazetini ili na wengine wasikie. Ila sitamjibu kwa habari ya waya. Nitamjibu kwa habari ya gari moja ya Ufaransa iliyopotea kabisa, halafu watu wazima wenye akili zao wakakaa miaka kadhaa wakiiga, na hakuna aliyewaambia wanapoteza muda.

Kampuni inaitwa Bugatti. Mwenye kampuni, Ettore Bugatti, alizaliwa Milan, Italia, mwaka 1881. Kiwanda alikiweka mwaka 1909 kwenye mji mdogo wa Molsheim, katika jimbo la Alsace. Sisi watu wa mipakani tutaielewa haraka hiyo Alsace. Kiwanda kilipofunguliwa ilikuwa ya Ujerumani. Baada ya vita vya 1914 hadi 1918 ikawa ya Ufaransa. Mwaka 1940 Wajerumani wakaichukua tena, na vita vilipokwisha ikarudi Ufaransa. Yani mtu alikaa kwenye nyumba yake ileile, serikali ndizo zilikuwa zinahama.

Ettore alikuwa na mtoto wa kiume, Jean, na huyo Jean ndiye alikuwa na mkono wa kuchora maumbo ya magari. Mwaka 1934 kiwanda kilitoa aina iliyoitwa Type 57, injini ya lita 3.3, silinda nane zimepangwa mstari mmoja. Aina hiyo zilitengenezwa kiasi cha 700. Lakini mwaka 1935, kwenye maonyesho ya magari ya Paris, Jean alileta Type 57 moja ambayo watu hawajaona mfano wake. Aliiita Aérolithe. Waliosoma Kifaransa kule nyumbani wanajua maana yake, ni kimondo, lile jiwe linaloanguka kutoka angani.

Ilikuwa fupi kwenda juu, mgongo wake unateremka nyuma kama tone la maji, madigadi yamevimba, milango imeingia mpaka juu kwenye paa. Na katikati, kuanzia mbele mpaka mkiani, kulikuwa na mshono umesimama kama pezi la samaki, umepigwa ribiti nje nje watu wote waone. Magari mengine yote yanaficha mishono yake. Hii ilitembea nayo mgongoni.

Sababu iko kwenye bati. Bodi ya Aérolithe haikuwa ya chuma wala ya alumini. Ilikuwa ya Elektron (siyo ile elektroni ya somo la fizikia, hili ni jina la biashara), mchanganyiko ambao sehemu yake kubwa ni magnesi. Waliowahi kuingia maabara ya kemia wanaikumbuka, ule utepe mwembamba ambao mwalimu anauwasha, unatoa mwanga mweupe mpaka unafumba macho. Sisi wengine tuliuona kwenye kitabu tu.

Magnesi ni nyepesi ajabu. Sentimita moja ya ujazo ya chuma ina karibu gramu 7.9, ya alumini gramu 2.7, ya magnesi gramu 1.7. Kwa hiyo mtu anayetaka gari ikimbie ataipenda sana. Fundi wa bodi ndiye ataichukia. Ukiikunja ikiwa baridi, inapasuka. Lazima uipashe moto kwanza, na moto ukizidi sana, bati lenyewe linaweza kuwaka. Na likishawaka usithubutu kumwaga maji! Magnesi inayowaka inayanyang'anya maji oksijeni yake na kuachia haidrojeni, nayo haidrojeni inawaka, basi moto unapanda badala ya kushuka. Moto wa namna hiyo unafunikwa kwa mchanga mkavu.

Sasa kuchomelea bati la namna hiyo miaka ya 1930 ilikuwa ni kujitafutia balaa. Maelezo yanayotolewa siku zote ni kwamba ndiyo maana mafundi wa Molsheim walikunja kingo za bati kwa nje, wakaziunganisha kwa ribiti, kama fundi cherehani anavyounganisha pande mbili za shati, ila mshono akaugeuzia nje. Kichekesho ni kwamba baada ya hapo Jean alitoa magari mengine ya kufanana nayo, yaliyoitwa Atlantic, na hayo yalikuwa ya alumini. Alumini inachomelewa bila shida. Hata hivyo mshono na ribiti zake vikabaki palepale. Kilichoanza kwa kulazimika kikawa urembo.

Atlantic zilitengenezwa nne tu, kati ya 1936 na 1938. Moja iligongwa na treni mwaka 1955 huko Ufaransa, waliokuwa ndani wakafa, na ile gari ikaja kujengwa tena baadaye. Nyingine iliuzwa mwaka 2010 kwa bei iliyotajwa kuwa kati ya dola milioni 30 na 40. Msiniulize hizo ni magunia mangapi ya unga. Ya tatu ni mali ya Ralph Lauren, yule Mmarekani wa nguo. Ya nne ilikuwa nyeusi, ndiyo iliyotumiwa na Jean mwenyewe. Vita vilipoingia, kiwanda kilitakiwa kuhamisha mali kwenda Bordeaux, upande wa pili kabisa wa nchi. Dalili ya mwisho ya gari hiyo ni katika orodha ya magari ya kupakiwa kwenye treni. Baada ya orodha, kimya mpaka leo.

Jean hakuiona safari hiyo. Alikufa tarehe 11 Agosti 1939, akiwa na miaka 30, akijaribu gari ya mashindano barabarani karibu na kiwanda. Alikwepa mtu wa baiskeli, akagonga mti. Wiki chache baadaye vita vikaanza.

Na ile Aérolithe ya kwanza, ya magnesi, nayo haiko. Wengi wanadhani ilivunjwa vipuri vikatumika kwingine. Zilibaki picha.

Zaidi ya miaka 60 ikapita. Kisha mbali kabisa na Molsheim, ng'ambo ya bahari, kwenye mji wa Bradford, jimbo la Ontario nchini Kanada, karakana moja ya kutengeneza magari ya zamani ikaamua kuijenga tena. Karakana inaitwa The Guild of Automotive Restorers, na kiongozi wa kazi alikuwa David Grainger. Hawakuanza na mikono mitupu. Walikuwa na chasisi halisi ya Type 57, namba 57104, moja ya zile za mwanzo kabisa, pamoja na injini ya Bugatti. Kwa hiyo mifupa na moyo vilikuwa vya kweli. Nyama na ngozi ndivyo vilikosekana. Kwa hivyo walikuwa na picha kama 11 hivi, basi.

Hapa ndipo hesabu zetu za darasa la sita zinapoingia, wadogo zangu mnaosema uwiano hauna kazi. Ukiwa na picha ya kitu, na unajua kipimo kimoja tu cha kweli, vingine unaweza kuvitafuta. Chasisi ya Type 57 ina mita 3.30 kutoka ekseli ya mbele mpaka ya nyuma. Tuseme kwenye picha iliyopigwa ubavuni umbali huo ni sentimita 11. Basi kila sentimita ya picha ni sentimita 30 za gari. Mlango ukiwa sentimita 3 pichani, mlango wenyewe ni sentimita 90. Lakini angalieni, hiyo ni kama picha imepigwa ubavuni sawasawa na kutoka mbali. Mpiga picha akisimama kwenye kona, taa ya karibu inakuwa kubwa na ya mbali inakuwa ndogo, na uwiano wako unakudanganya. Tena bodi yote ni mviringo, haina sehemu iliyonyooka uweke rula. Picha moja inakuambia hivi, ya pili inakataa, na fundi anakaa katikati yao kama mzee wa baraza anayesikiliza mashahidi.

Halafu bati. Wangeweza kutumia alumini. Ukishapaka rangi nani angejua? Hawakufanya hivyo, walitumia magnesi, na shida zake zote wakazipata: kupasha moto, kukunja taratibu, kuogopa cheche. Mimi naona hapo ndipo kazi yao inapostahili heshima. Kama wangeweka alumini, ribiti zingekuwa pambo tu, na wao wenyewe wasingejua mikono ya wale mafundi wa 1935 iliteseka wapi. Kwa kuiga umbo pekee unajua gari ilionekana vipi. Ukiiga na kazi yenyewe unaelewa kwa nini ilionekana hivyo. Baba mwenye swali, jibu lako liko hapo. Mtoto akikata gurudumu kutoka kwenye ndala mbovu, akaona gari inakwenda upande mmoja, akarudi kuchunguza ekseli ya Land Cruiser ikoje, huyo hachezi tu. Tofauti iko kwa anayekunja waya bila kuangalia.

Rangi nayo ilikuwa swali gumu. Picha za 1935 ni nyeusi na nyeupe. Unaweza kuzikodolea macho mwaka mzima, hazitakuambia rangi. Hiyo nakala imepakwa kijani mpauko, kama mnanaa umechanganywa na maziwa, lakini kitu cha namna hiyo huwezi kukipima kwa rula. Kinatoka kwa watu walioona na maneno waliyoyaacha.

Niseme jambo moja hapa, mnivumilie. Nyumba nyingi za kambi hii zina picha moja ya kule nyumbani, nyingine hazina hata hiyo. Bibi ameshika picha, nyuma yake kuna nyumba na mti. Mtoto aliyezaliwa hapa anauliza nyumba ilikuwa kubwa kiasi gani, mlango ulikuwa rangi gani, huo mti ni mwembe au mparachichi. Bibi anajua. Picha haijui. Basi chukueni kalamu, si lazima kusubiri mwalimu, andikeni nyuma ya picha: rangi ya mlango, hatua ngapi kutoka mlangoni mpaka jikoni, nani alisimama wapi, mwaka gani. Asiyejua kuandika amwite mjukuu. Kipimo kimoja tu cha kweli kinatosha kuanzia, tumeona.

Kuna kaka mmoja, nilipomsimulia habari hii, alisema ati hiyo gari ya Kanada ni feki. Sikubaliani naye. Feki ni kitu kinachojiita kile ambacho sicho. Karakana ile haikusema imeipata Aérolithe iliyopotea. Ilisema, hii tumeijenga sisi, chasisi ni ya zamani, bodi ni mpya. Na hilo siyo dogo, sababu penye bei kubwa kama za Atlantic, mtu mwenye tamaa angeweza kujenga mpya, akaichakaza, akasema ameikuta ghalani. Ndiyo maana wanunuzi wa magari hayo wanakagua namba ya chasisi na namba ya injini kwanza kabla ya kusifia rangi. Hata Bugatti yenyewe, ambayo sasa ni kampuni yenye wenyewe wengine, mwaka 2019 ilitoa gari moja mpya kwa heshima ya ile nyeusi iliyopotea kwenye orodha, ikaipa jina La Voiture Noire, yani gari nyeusi, kwa bei ya euro milioni 11 kabla ya kodi. Haikufanana sana na ya zamani. Mimi, kwa maoni yangu, ningechukua ile ya mnanaa.

Ile ya zamani bado inatafutwa. Kila baada ya muda mtu anasema labda imefichwa kwenye banda fulani la shamba Ufaransa.

Swali la mwezi huu kwa darasa la tano na la sita: mtu ana picha ya Type 57 iliyopigwa ubavuni. Kutoka ekseli hadi ekseli ni sentimita 11. Urefu wote wa gari pichani, mbele hadi mkiani, ni sentimita 15. Je, gari yenyewe ina urefu wa mita ngapi? Andikeni na njia mliyotumia, jibu peke yake silipokei. Na wenye magari ya waya wayalete Ijumaa baada ya vipindi, kila moja na karatasi inayosema imeigwa kutoka gari gani na kipimo gani kilichukuliwa kwa mkono. Majibu mwezi ujao.