Damu Baina ya Hedhi Mbili: Tusali, na Twende Hospitali

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu (s.w.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahli zake na masahaba zake.

Ama baada ya hayo. Katika darasa za fiqhi tunazowasomesha mabinti wetu, mlango wa twahara ndio unaoleta maswali mengi, na mengi huletwa kwenye vikaratasi visivyo na jina. Linalojirudia ni hili: hedhi imekwisha, binti amekoga, kisha baada ya siku kadhaa anaona matone ya damu. Je, aache sala? Jibu la sala hulipata. Lakini swali la pili, kwamba damu hiyo inatoka wapi na kwa nini, mara nyingi halimfikii mtu yeyote. Maoni yetu ni kwamba maswali haya mawili yaende pamoja.

Tuanze na sheria. Fatima binti Abi Hubaysh (r.a.) alimwendea Mtume (s.a.w.) akamweleza kwamba damu haimkatiki, akauliza kama aache sala. Mtume (s.a.w.) alimfahamisha kuwa damu ile inatokana na mshipa wala si hedhi, siku za hedhi aache sala, na zikipita ajisafishe na asali. Hadithi hii imo katika Bukhari na Muslim. Damu hiyo ndiyo istihadha.

Kwa madhehebu ya Imam Shafi, hedhi haipungui mchana mmoja na usiku wake, haizidi siku 15, na twahara baina ya hedhi mbili haipungui siku 15. Basi binti aliyeanza hedhi tarehe 1 akatwaharika tarehe 7, kisha akaona matone tarehe 18, hayo ni istihadha, kwa sababu siku 15 tangu hedhi ianze zimepita na siku 15 za twahara hazijatimia. Ajisafishe, aweke kitambaa safi au pedi, atawadhe baada ya wakati wa sala kuingia, asali bila kuchelewa. Na funga yake ni sahihi. Matone yakija ndani ya siku 15 tangu hedhi ilipoanza, asijihukumu mwenyewe, amuulize mwalimu.

Sasa tuzingatie. Mtume (s.a.w.) alipomjibu bibi yule alitaja mshipa, yaani sababu iliyomo mwilini. Hukumu ya istihadha inamruhusu mwanamke kusali; haimwambii kwamba ni mzima. Anayesali kwa udhu wa kila wakati huku akitokwa na damu miezi sita ametimiza faradhi yake, na mwili wake bado una haki juu yake.

Si kila tone ni ugonjwa. Miaka miwili au mitatu ya mwanzo tangu binti kubaleghe, mwili unakuwa bado unajipanga, na mzunguko wake huweza kuwa wa siku 21 hadi 45. Matone machache mara moja moja katika umri huo si ajabu. Mama anayetumia sindano, vidonge au vijiti vya uzazi wa mpango naye huweza kuona matone, hasa miezi ya mwanzo. Lakini damu hiyo huweza pia kuletwa na maambukizi ya kizazi, uvimbe, mimba iliyoingia matatizoni, au saratani ya mlango wa kizazi, ambayo katika nchi yetu ndiyo inayoongoza kwa saratani za wanawake.

Kwa hiyo asikae nyumbani mwenye mojawapo ya haya:

1. Matone yanayojirudia kila mwezi, au hedhi inayozidi siku 7.
2. Damu baada ya kukutana na mume.
3. Damu yoyote kwa mama aliyekwisha koma hedhi, hata tone moja.
4. Homa, maumivu ya chini ya tumbo, au uchafu wenye harufu mbaya.
5. Uchovu, kizunguzungu na weupe wa viganja, dalili za kupungukiwa damu.

Na mambo mawili hayangoji hata kupambazuke: damu kwa mwenye mimba au anayehisi kuwa na mimba, hasa ikiwa na maumivu makali ya tumbo au kuzirai, na damu inayojaza pedi kwa saa moja.

Tunajua wanaosema ni aibu kuyataja haya. Bibi Aisha (r.a.) aliwasifu wanawake wa Kiansari kwa kuwa haya haikuwazuia kujifunza dini yao. Wapo pia wanaomdhania binti uovu akionekana na damu nje ya siku zake, na wanaokimbilia kusema amerogwa. Dhana hizo humfanya afiche, na maradhi hukua mafichoni. Tunaonya vilevile juu ya kuingiza dawa za majani ukeni, hudhuru.

Wengine husita kwa kuwa Hospitali ya Haydom, iliyoanza mwaka 1955, ni ya Kanisa la Kilutheri. Matibabu ni matibabu, na mgonjwa anaweza kuomba ahudumiwe na muuguzi wa kike. Ipo hospitali Mbulu mjini, ipo Katesh, na zahanati ndiyo hatua ya kwanza. Kutoka Basotu au vijiji vya bondeni nauli si ndogo, hasa masika barabara zinapoharibika. Ndiyo maana tunawaambia akina baba: nauli hiyo ni sehemu ya matunzo yenu.

Kila binti awe na kidaftari aandike tarehe damu ilipoanza na ilipokatika. Kitamsaidia mwalimu katika hukumu na daktari katika tiba. Wazazi wasiipuuze chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi, iliyoanza kutolewa nchini kote mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14, na mwaka 2024 ikafikishwa kwa wa miaka 9 hadi 14 kwa dozi moja. Akina mama nao wakapimwe mlango wa kizazi kabla ya kuona dalili.

Mwenyezi Mungu (s.w.) awape mabinti zetu elimu, afya na twahara. Wabillahi tawfiq.