Nani Kasema Usiguse?

Jamani wadau, leo nina hasira, mtanisamehe. Jumamosi nilikuwa Kimbiji kwa binamu yangu mwenye kijiduka cha kuchapa na fotokopi. Kompyuta yake ni ya mtumba, kioo cha chogo, Windows XP ile iliyotoka 2001, lakini inapiga kazi. Madeni ya wateja anayaandika kwenye Notepad. Kila mdaiwa akija anapita Start, All Programs, Accessories, ndipo anaifikia. Dirisha linatokea kona ya kioo, dogo kama stempu, na yeye anachungulia humo humo.

Nikamuuliza, mbona hulivuti likawa kubwa?

"Kaka, fundi kasema nisiguse chochote, nitaua mashine."

Nitaua mashine! Na fundi huyo huyo akiitwa kupanga ikoni anadai elfu kumi, nauli juu yako. Hivi huu ni ufundi au ni kodi ya woga?

Haya, sikilizeni. Notepad ya XP ukishika ukingo wa dirisha ukalivuta, kisha ukaifunga, kesho inafunguka kwa ukubwa ule ule. Bure. Ukitaka uikute mara tu mashine ikiwaka, bonyeza jina lake kwa kitufe cha kulia cha mausi, itume Desktop. Kinachokaa pale ni njia ya mkato tu, si programu yenyewe. Ukiivuruga unaifuta, unatengeneza nyingine, Notepad wala haina habari. Ingia Properties za njia hiyo, penye Run chagua Maximized, itafunguka kioo kizima. Penye Change Icon elekeza kwenye faili la shell32.dll ndani ya system32, utakuta picha kibao. Binamu kachagua mti. Anasema ni mkorosho, sikubishana naye.

Najua wapo mtakaoniandikia kwamba XP ni hatari, Microsoft iliacha kuitolea viraka vya usalama tarehe 8 Aprili 2014. Kweli kabisa. Basi mfundisheni mtu kuogopa flashi za wateja, si kuogopa ikoni! Rejista, sawa, huko asiingie asiyejua. Lakini ukubwa wa dirisha?

Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kutoa Jambo OpenOffice, menyu zote kwa Kiswahili, tukashangilia. Mimi bado nashangilia. Ila menyu ya Kiswahili itamsaidia nini mtu aliyekatazwa kuibonyeza?

Sasa binamu anabonyeza Ctrl, Alt na D, daftari la madeni linafunguka, anagonga F5, tarehe na saa vinajiandika vyenyewe. Jioni fundi akapiga simu kuuliza nani kagusa mashine.

Nimemwambia binamu ampe namba yangu.