Gari ni Lako, Kompyuta Zake ni za Nani?

Jamani, leo nina hasira kidogo, mnivumilie.

Nina gari la kifahari la Ulaya, la umri wa miaka 15, nililonunua kwa bei ya Vitz. Jina la kampuni nalihifadhi. Asubuhi moja nililikuta limelala chini kama ngamia: springi zake za hewa zilikuwa zimekata tamaa. Kazini wakanicheka. "Si ulitaka makubwa?"

Nusu ya kicheko hicho nakikubali. Bei ya gari hushuka kila mwaka, lakini spea zake haziambiwi kwamba gari limezeeka. Anayenunua gari la kifahari kwa bei ya kawaida atalitunza kwa bei ya kifahari. Hilo nililijua.

Nusu ya pili nakataa! Fundi alisema ni pampu ya hewa. Tukabadilisha. Gari likakataa kuinuka. Akasema ni vali. Tukabadilisha. Bado. Mwishowe akaja kijana mwenye laptopu, akafuta kosa la zamani lililobaki kwenye kompyuta ya springi, akaiagiza ipime urefu upya. Dakika 10, gari likasimama. Programu aliyotumia sikuuliza ameitoa wapi, na mimi naishi kwa kuandika programu!

Sasa, mtu asiniambie fundi wa kwanza ni mjinga. Alikuwa na kifaa cha kupima. Lakini lugha sanifu ya OBD-II, iliyolazimishwa Marekani kwa magari ya kuanzia 1996, ilikusudiwa hasa injini na moshi wake. Springi, breki, mifuko ya hewa ya usalama: mengi ya huko husemwa kwa lugha ya kampuni yenyewe. Fundi asiye na ufunguo hubaki kubahatisha, na wewe unalipia kila bahati.

Chukua mfano unaojulikana. Mercedes E-Class iliyotoka 2002 ilikuwa na breki za umeme zinazoitwa SBC. Kompyuta yake huhesabu mara ambazo breki zimekanyagwa, na hesabu ikifika kikomo inadai kifaa kibadilishwe. Kampuni iliyaita magari kwa marekebisho 2004 na 2005, kisha E-Class ikarudishiwa breki za kawaida 2006. Kuhesabu kwa ajili ya usalama sikupingi. Ila mnunuzi wa tatu ananunua hesabu iliyoanzishwa na mguu wa mtu mwingine, na bila kifaa maalum hawezi hata kuisoma kabla ya kulipa.

Wengine wameliona hili. Umoja wa Ulaya uliweka kanuni 2007 iliyowapa mafundi wa nje haki ya kupata maelezo ya ukarabati. Wapiga kura wa Massachusetts walipitisha sheria yao 2012. Sisi Kenya tunakagua umri bandarini, kwamba gari kuukuu lisizidi miaka 8. Vyema. Lakini gari likishavuka lango, funguo za kompyuta zake zimebaki ng'ambo.

Ukienda kununua, nenda na mtu anayeweza kusoma kompyuta zote, si ya injini pekee. Na watunga sheria wetu walazimishe anayeuza magari mapya hapa auze pia funguo hizo, kwa bei ambayo gereji ya Kirinyaga Road inaweza kulipa.

Nimelipa gari lote. Mbona nimekabidhiwa nusu?