Nyumba Isiyotaka Mtoto

Nyumba hupata heshima kwa watu inaowapokea kabla ya kuipata kwa vitu ilivyonavyo. Kitanda laini, taa nzuri na chakula kitamu ni mapambo ya ukarimu, lakini si ukarimu wenyewe. Jambo hili lilijulikana tangu zamani katika pwani ya Kilwa na Lindi, wala watu wa pwani hiyo hawakulijifunza vitabuni. Katika zama hizi, hata hivyo, umezuka ustaarabu wa namna nyingine, ambao huhesabu kumzuia mtu mlangoni kuwa ni sehemu ya anasa. Matunda ya ustaarabu huo huitwa hoteli za watu wazima tu.

Hoteli hizo aghalabu ni ndogo, nzuri na ghali. Zimestawi katika visiwa vya Ugiriki kama Santorini na Mykonos, ambako nyumba nyeupe hutazama bahari na vyumba vingine huwa na birika lake la kuogelea. Mtoto asiyetimiza umri uliowekwa hapokewi, hata wazazi wake wakiwa na fedha tele. Pengine umri huo ni miaka 12, pengine 16, pengine 18. Desturi hiyo imekwisha kuvuka bahari. Huko Unguja, upande wa Nungwi, mna hoteli inayojitangaza hivyo bila ya haya. Kilwa na Lindi bado hazijasongwa na majumba ya watalii kama Unguja; basi huu ndio wakati wa kusema, maana mlango husemewa kabla ya kutiwa komeo.

Watetezi wa hoteli hizo wana hoja zao, na ni haki wasikilizwe. Husema kwamba mtu aliyechoka ana haki ya kupumzika. Kwamba maharusi wana haki ya faragha. Kwamba mzazi aliyelea mwaka mzima ana haki ya siku saba bila ya kusikia kilio. Na kwamba mwenye mali ana hiari ya kuuza kimya kama mwingine auzavyo samaki. Uchovu ni jambo la kweli, na hakuna mwenye insafu atakayeudharau. Lakini haki ya kupumzika haizai haki ya kufukuza. Anayeudhiwa na kelele na akataze kelele, za mkubwa na za mdogo sawasawa. Amri ya namna hiyo ingemgusa mlevi anayeimba usiku wa manane kabla ya kumgusa mtoto wa miaka minane aliyelala tangu isha. Hoteli za watu wazima tu hazikatazi kelele, hukataza umri. Mlevi huongezewa glasi, na mtoto huonyeshwa njia.

Wengine hudai kuwa hata pwani ya Waswahili ilikuwa na mahali pasipoingia mtoto. Ni kweli. Mtoto hakuingia unyagoni kabla ya siku yake, wala hakuketi katika baraza la wazee waliponena mambo mazito. Lakini siku yake ilipofika mlango ulifunguliwa, na watu wakamshangilia. Alizuiwa kwa kuwa mambo ya ndani yalikuwa mazito kwake, si kwa kuwa yeye alikuwa mzigo kwa waliomo. Makatazo hayo mawili yanafanana kwa sura tu.

Sheria nayo haikunyamaza. Sheria ya Mtoto ya Tanzania Bara ya mwaka 2009 imekataza mtoto kubaguliwa, na umri umetajwa miongoni mwa sababu zilizokatazwa. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991, umemtambulia mtoto haki ya kupumzika na kucheza. Kumbe mapumziko si mali ya watu wazima peke yao! Wanasheria waweza kubishana kama mlango wa hoteli umo katika maneno hayo au haumo. Dhamiri haina haja ya kungoja hukumu.

Wanaoiga Ugiriki wangefanya vema kuisoma kwanza. Katika utenzi wa Homer, Odysseus alitupwa ufukweni na dhoruba, uchi, hana chombo wala mwenzi. Kilichomwamsha usingizini ni ukelele wa wasichana waliokuwa wakicheza mpira. Wengine walimkimbia, Nausicaa, binti wa mfalme, ambaye hata hajaolewa, akasimama, akampa nguo na chakula, akamwelekeza nyumbani kwa baba yake. Mgeni maarufu kuliko wote katika fasihi ya Kiyunani aliokolewa na kelele za mchezo, yaani kitu kile kile ambacho hoteli za leo hutoza fedha ili kukiondoa.

Kilwa nayo iliijua anasa ya kisiwani. Katika karne ya 14 Sultani al-Hasan bin Sulaiman alijenga Husuni Kubwa juu ya mwamba unaotazama bahari: vyumba zaidi ya 100, na birika la kuogea la pembe nane. Lakini Ibn Battuta, aliyefika Kilwa mwaka 1331, hakumsifu kwa birika lake. Alimsifu kwa kuketi na kula pamoja na mafakiri, akasimulia jinsi alivyompa fakiri mmoja wa Yemen nguo alizokuwa amezivaa. Sultani huyo hakuwa malaika. Utajiri wake ulitoka katika dhahabu ya Sofala na katika ngawira za vita. Hata hivyo jina lililobaki ni Abu al-Mawahib, baba wa vipawa. Jumba ni magofu; sifa ya ukarimu ingaliko.

Sasa atazamwe mgeni anapobisha hodi Nyangamara, mkoani Lindi, au katika kijiji chochote cha upande huo. Nani humlaki? Mtoto ndiye apokeaye mzigo wake, ndiye amwamkiaye kwa shikamoo, ndiye amleteaye maji ya kunawa. Mzazi hukaribisha kwa maneno, mtoto hukaribisha kwa miguu. Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wahenga. Na mwenyeji wa kwanza ni mtoto. Hoteli itakayojengwa katika pwani hii kwa sharti la kutomwona mtoto itakuwa imemfukuza mwenyeji na kubakiza watumishi. Mama wa Nyangamara ataajiriwa kutandika vitanda ndani ya nyumba ambayo mwanawe haruhusiwi kulala hata kama angalikuwa na fedha. Wageni watapata kimya, lakini kimya cha nyumba iliyokataa watoto huitwa ukiwa katika lugha ya pwani.

Kwa hiyo wenye mamlaka ya kutoa ardhi na leseni katika Kilwa na Lindi hawana budi kuandika sharti moja katika kila mkataba: mlango usipime umri. Kelele ziwekewe saa, mabirika yawekewe walinzi, faragha ilindwe kwa kuta na mapazia. Mwekezaji atakayeliona sharti hilo kuwa zito mno amwachie nafasi mwingine anayejua kupokea watu.