Saa Mbili Bega kwa Bega

Mwezi huu nawalenga wale wanaolala kitanda kimoja lakini hawajaongea la maana siku nyingi.

Dada mmoja anayeishi Ubelgiji amenieleza yake. Alimfuata mumewe huko baada ya kukaa mbalimbali miaka mitatu. Sasa yeye akirudi kazini asubuhi, mume ndiyo anatoka. Siku wakipata nafasi ya kukaa mezani, mazungumzo yanaishia kwenye hela za kutuma nyumbani, na kila mtu ananuna. Anasema wakitazamana tu, wanagombana.

Dada yangu, basi msitazamane! Kaeni bega kwa bega. Nchi mliyopo ina mahali pazuri kwa kazi hiyo: tramu ya pwani, ambayo wenyeji wanaiita Kusttram.

RELI YA TANGU 1885
Hii ni treni nyepesi ya umeme inayopita mjini kwa mjini kutoka Knokke, karibu na mpaka wa Uholanzi, hadi De Panne, jirani na Ufaransa. Urefu wake ni kilomita 67, na husifiwa kuwa njia ndefu kuliko zote za tramu duniani. Kipande cha kwanza, Oostende hadi Nieuwpoort, kilifunguliwa mwaka 1885, enzi za injini za mvuke. Safari nzima ni zaidi ya saa mbili. Kati yenu hakuna anayeshika usukani, kwa hiyo hakuna wa kulaumiwa kwa kupotea njia!

KAENI KULIA
Mkianzia Knokke, bahari iko mkono wa kulia. Ila msije mkanilaumu: sehemu kubwa ya njia hamtaiona, maana maghorofa ya ufukweni yameiziba. Kwa hiyo mwanzoni pigeni stori nyepesi. Mtapita Zeebrugge yenye bandari kubwa, kisha Blankenberge, kisha De Haan yenye nyumba nyeupe za kizamani. Hapo Albert Einstein na mkewe Elsa walijihifadhi mwaka 1933, baada ya Hitler kushika madaraka Ujerumani.

Kutoka De Haan hadi Oostende, mmoja aseme yote ya moyoni kuhusu hela. Mwenzake asikilize tu, hakuna kukatiza.

Oostende shukeni, mnywe kahawa. Marvin Gaye alifika mji huu mwaka 1981 akiwa hoi: madeni ya kodi, dawa za kulevya, ndoa imevunjika. Alikaa kwenye ghorofa linalotazama bahari, akawa anafanya mazoezi ufukweni, na huko ndiko wimbo wake wa Sexual Healing ulikozaliwa. Bahari haikumlipia deni hata moja, lakini ilimpa nafasi ya kupumua.

Mkipanda tena, ni zamu ya yule aliyenyamaza. Kuelekea Middelkerke reli inasogea hadi kando ya mchanga, na mtaiona bahari yote. Mkivuka Nieuwpoort, kubalianeni mambo matatu tu: kiasi gani kitumwe, kwa nani, na tarehe ngapi. Yaandikeni kwenye karatasi kabla hamjafika De Panne. Hapo kuna treni ya kuwarudisha.

MASHARTI
Simu zizimwe, mmoja akae na zote mbili kwenye mkoba. Watoto waachwe kwa jirani mnayemwamini. Na kama kwenu kuna kipigo, usipande tramu, tafuta msaada wa watu na sheria kwanza.

Wengi tunadhani penzi linahitaji hoteli ya bei mbaya. Mara nyingi linahitaji viti viwili na mtu wa kukusikiliza vituo kadhaa bila kukukatiza.

Tukutane mwezi ujao, Mungu akipenda.