Mbwa wa kuwinda hafundishwi kwa fimbo

Kuna maneno mawili yanayotembea siku hizi katika vijiji vyetu vya Mwenga, Shabunda na Fizi, na yote mawili tunayakataa. La kwanza ni la vijana: ati mbwa mdogo, ili ajue kuwinda nguruwe ya pori, lazima alale njaa, apigwe fimbo na apakwe pilipili puani. La pili ni la wenzetu wenye masomo: ati kuwinda na mbwa ni mambo ya kisenji, heri yapotee. Wa kwanza wanaharibu mbwa, wa pili wanaharibu elimu yenyewe.

Tuanze na vijana. Njaa inafundisha nini? Mbwa mwenye njaa anachoka mapema. Akikuta mnyama amekufa, anakula mbele ya bwana wake kufika. Akikosa, anarudi kijijini kuiba kuku wa jirani. Na fimbo? Mbwa anayeogopa mkono wa bwana wake harudi akiitwa. Na pilipili je? Mbwa anawinda kwa pua. Kumchoma pua ni sawa na kumpa mwanafunzi kitabu kiisha kumfunga macho. Wengine wanamfungia mbwa mdogo pamoja na mtoto wa nguruwe wa nyumbani, eti azoee kuuma. Matunda yake tunayaona: kesho anararua nguruwe wa jirani, na kesi inafika kwa chefu.

Wazee wawindaji hawakuingia katika shule ya pedagojia, lakini kanuni yake kubwa waliijua: kutoka kwa jepesi kwenda kwa gumu. Mtoto wa mbwa akiacha kunyonya, mtu mmoja tu ndiye anamlisha, ili ajue sauti yake na mluzi wake. Somo la kwanza ni kurudi anapoitwa. Kiisha kunakuja harufu: kipande cha ngozi ya nguruwe ya pori kinaburutwa chini, kinafichwa nyuma ya mti, na mbwa anakitafuta. Akikipata, anasifiwa na kupewa chakula palepale, si kesho. Leo njia fupi, kesho inapita kwenye kijito na majani marefu.

Akipata nguvu, anafuata mama yake ao mbwa mzee. Huyo ndiye mwalimu wa kweli. Kwake mdogo anajifunza jambo ambalo fimbo haifundishi: nguruwe dume mwenye meno, na jike mwenye watoto, hawashikwi kwa mdomo. Wanazungukwa na kusimamishwa mpaka watu wafike na wavu na mkuki. Mbwa jasiri asiye na akili anapasuliwa tumbo siku ya kwanza. Ndiyo maana tunasema: anayempeleka mbwa wa miezi mitano mbele ya dume, yeye ndiye muuaji, si nguruwe.

Sasa tugeuke kwa wenzetu wenye diploma. Mbwa wetu wa zamani halii kama mbwa wengine, kwa hiyo alivikwa kengele ya mti shingoni, ili wawindaji wamfuate ndani ya pori. Kengele hizo leo zimehifadhiwa hata katika makumbusho ya Tervuren, Ubelgiji. Mwaka 1937 mbwa waliotoka Kongo walionyeshwa London, katika maonyesho ya Crufts, na leo uzao wao unafugwa Ulaya na Marekani kwa bei kali. Jina lao? Basenji! Ndilo lile tusi walilotupiwa watu wa vijijini. Mgeni analipa pesa nyingi juu ya mbwa. Sisi tumebaki na tusi, na tunaona haya juu ya mbwa.

Watatuuliza: je, mbwa hawatamaliza wanyama? Swali ni la haki. Lakini tuangalie kilichochukua nafasi ya mbwa. Tangu vita vya 1996 na 1998 vijiji vingi vilihama, wazee wengi walikufa, vijana wakaenda kuchimba dhahabu. Elimu ya mbwa ilikatika, na mahali pake kukaja mtego wa kamba ya chuma. Mtego hauna masikio: hauwezi kuitwa urudi. Unashika jike mwenye mimba, unashika swala, unakata hata mkono wa sokwe. Mbwa aliyefundishwa vizuri anaitwa, naye anarudi.

Hatusemi kila mtu aingie popote na mbwa wake. Ndani ya Parki ya Kahuzi-Biega, iliyoundwa mwaka 1970, kuwinda ni marufuku, nukta. Na nje ya parki kuna sheria namba 82-002 ya tarehe 28 Mei 1982 juu ya uwindaji, tuifuate. Sisi tunatetea shamba. Mama anayelima muhogo, mahindi na karanga anaamka asubuhi na kukuta kundi la nguruwe limelima usiku kwa pua. Karo ya mtoto imekwenda pale.

Na kulinda kijiji ni pamoja na kulinda afya yake. Mbwa achanjwe juu ya kichaa cha mbwa; mtu akiumwa na mbwa, aoshe kidonda mara moja kwa maji mengi na sabuni, kiisha akimbilie kituo cha afya. Mabaki ya nguruwe ya pori yasitupiwe nguruwe wa nyumbani, maana nguruwe ya pori anaweza kubeba homa ya nguruwe ya Afrika bila kuugua, na homa hiyo inafuta zizi zima.

Tunamaliza na ombi. Wazee wanaojua kazi hii bado wako, lakini ni wachache. Waitwe katika mashule yetu, waeleze, na wanafunzi waandike. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo: neno hilo ni la mtoto wa mtu, na ni la mtoto wa mbwa vilevile. Anayeona lazima apige ili afundishe, huyo hajajua bado anachofundisha.